Katesh, Mbulu au Haydom: Mhitimu ahamie wapi?

KILA mwaka vyuo vyetu hutoa maelfu ya wahitimu, na wengi wao hushika njia moja: Dar es Salaam, na ikishindikana, Arusha au Dodoma. Huko hupanga chumba, hutoa kopi za vyeti na kusubiri kuitwa. Wapo wachache wanaotaka kinyume chake. Wanataka mji mdogo, hewa ya baridi, mlima wa kupanda siku ya Jumapili na kipande cha ardhi cha kukodi. Kwa hao wachache, wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara zinastahili kutazamwa kwa makini.

Safu hii haina ugomvi na anayependa milima. Kazi yake ni hesabu. Kijana mwenye shahada na mtaji mdogo, pamoja na mzazi au mjomba anayefikiria kumwongezea fedha, wanapaswa kujiuliza swali moja kabla godoro halijapakiwa kwenye basi: katika mji anaokwenda, fedha inazunguka mara ngapi kwa mwezi? Uzuri wa mandhari hauna shaka. Kinachowarudisha vijana mjini baada ya miezi sita ni kodi ya nyumba.

ENEO LENYEWE

Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, makao makuu yakiwa Babati. Mbulu na Hanang ziko upande wa magharibi wa mkoa huo, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa na kuteremka kuelekea Singida. Mbulu ni nchi ya miinuko, yenye baridi kali mwezi Juni na Julai, na wenyeji wake wengi ni Wairaqw, wakulima na wafugaji wa siku nyingi. Hanang ina Wabarbaig, Wairaqw, Wanyaturu na Wanyiramba. Upande wa bonde la Yaeda, ndani ya Mbulu, wapo Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanategemea uwindaji, matunda na asali.

Kwa mpenda michezo ya nje, eneo hili halihitaji kunadiwa. Mlima Hanang una urefu wa zaidi ya mita 3,400 na unasimama peke yake juu ya mji wa Katesh. Chini yake kuna ziwa la chumvi la Balangida, na mbele zaidi ziwa la maji baridi la Basotu lenye viboko na ndege wengi. Mbulu ina msitu wa Nou na vilima ambavyo mkimbiaji anaweza kuvitumia mwaka mzima. Si ajabu kwamba John Stephen Akhwari, aliyemaliza mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia mguu, alitoka Mbulu, na kwamba Gidamis Shahanga, mshindi wa marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 huko Edmonton, alitoka Hanang.

Tuje sasa kwenye soko, mji kwa mji.

KATESH: BARABARA NA MNADA

Faida ya kwanza ya Katesh ni lami. Mji huu uko kwenye barabara kuu ya Babati hadi Singida, na tangu barabara ya Dodoma hadi Babati ilipofunguliwa mwaka 2018, mzigo unaotoka Hanang unaweza kwenda Arusha, Dodoma au njia ya Kanda ya Ziwa bila kukwama kwenye tope. Kwa mchuuzi mdogo, maana yake ni kwamba nafasi ya magunia kumi kwenye Fuso inayopita inapatikana bila kulazimika kukodi gari zima.

Faida ya pili ni mnada. Wabarbaig ni wafugaji, na mnada wa Katesh huleta ng'ombe, mbuzi na kondoo pamoja na wanunuzi kutoka mbali. Siku ya mnada mfugaji hupata fedha taslimu na kuzitumia siku hiyo hiyo: mashuka, viatu, sukari, dawa za mifugo, betri, sola ndogo za kuchajia simu. Kijana anayetaka kujifunza biashara ya wilaya hii akae kwenye mnada mwezi mzima kabla ya kununua chochote. Atajua nani ananunua, nani anakopesha na dalali yupi anaheshimika.

Faida ya tatu ni mazao mengi ya aina tofauti: mahindi, maharage, alizeti, mbaazi na ngano. Hapa ndipo penye somo ambalo kila mwenye mtaji mdogo anapaswa kulikumbuka. Mbaazi zetu zinategemea mno mnunuzi mmoja, India. Agosti 2017 nchi hiyo iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje. Bei huku kwetu iliporomoka. Waliokuwa wamejaza stoo wakisubiri bei ipande walibaki na magunia yasiyo na mnunuzi. India ililegeza masharti mwaka 2021 na bei ikafufuka, lakini funzo halijafutika: zao lenye mnunuzi mmoja halifai kubeba mtaji wako wote.

Aidha, miaka ya karibuni serikali imeyaingiza mazao kama mbaazi, ufuta na dengu katika mfumo wa stakabadhi ghalani na minada ya Soko la Bidhaa (TMX). Katika mfumo huo, mchuuzi aliyezoea kununua shambani kwa fedha mkononi anaweza kujikuta amevunja utaratibu na mzigo wake ukazuiwa. Kabla ya kununua gunia la kwanza, mtembelee ofisa ushirika wa wilaya umuulize ni mazao gani yamo kwenye mfumo msimu huo.

MBULU MJINI: KITUNGUU SAUMU NA BARIDI

Jina la Mbulu katika masoko ya nchi hii linakwenda na kitunguu saumu. Zao hili lina sifa mbili zinazomfaa mwenye mtaji mdogo. Kwanza, lina thamani kubwa kwa uzito mdogo, hivyo nauli haili faida yote. Pili, likikaushwa vizuri na kuwekwa mahali pakavu penye hewa, hukaa miezi kadhaa. Mwenye nyanya huuza leo kwa bei yoyote, lakini mwenye kitunguu saumu anaweza kungoja.

Upande wa hatari nao upo. Mavuno yakija kwa pamoja bei hushuka, na katika masoko makubwa ya mijini kitunguu cha Mbulu hukutana na kile kinachotoka China, chenye vichwa vikubwa vinavyovutia macho. Mlaji wa kwetu hukipenda cha Mbulu kwa harufu na ukali wake, lakini mwenye hoteli anayemenya kilo nyingi kwa siku hupenda kile kinachomenyeka haraka. Anayetaka kushindana asipeleke mzigo mchanganyiko. Achambue, apange kwa ukubwa, afungashe kwa uzito unaojulikana. Kazi hiyo haihitaji mashine. Inahitaji mikono, turubai, mizani na uaminifu, na hapo ndipo elimu ya kijana inaweza kuonekana.

Tahadhari nyingine ni lumbesa. Mnunuzi kutoka mjini atataka gunia lishonewe kilemba juu, na mkulima atakubali kwa sababu hana mwingine. Sheria ya Vipimo inakataza. Mhitimu akianza kwa kununua kwa mizani, atapata wakulima wanaomletea mzigo wenyewe.

Tatizo kubwa la Mbulu limekuwa barabara. Mji uko juu, na njia za kuufikia, iwe kutoka Karatu au kwa kupanda mlima wa Magara kutoka bondeni, zimekuwa mtihani wakati wa masika. Wasomaji watakumbuka kwamba Mei 2022 Mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, alipiga sarakasi ndani ya ukumbi wa Bunge mjini Dodoma akidai lami ya Mbulu hadi Haydom. Watu walicheka, lakini mfanyabiashara wa Mbulu alielewa. Ujenzi wa njia hiyo umekuwa ukienda kwa vipande. Kila kipande kinachokamilika kinapunguza nauli ya gunia, na mwenye macho ya biashara hutazama kinakoelekea kabla ya kuchagua fremu ya kupanga.

HAYDOM: MJI ULIOJENGWA NA HOSPITALI

Ukiwa mbali na lami kuu, Haydom ungetegemewa uwe kijiji cha kawaida. Kilichoufanya kuwa mji ni Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norway. Leo ina vitanda zaidi ya 400 na huhudumia wagonjwa kutoka Manyara, Singida na mikoa ya jirani, tena ina chuo cha afya.

Kwa lugha ya soko, hospitali ni mnada usiofungwa. Mishahara hulipwa kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Ndugu wa wagonjwa wanahitaji chakula, malazi, sabuni na vocha. Wanafunzi wanahitaji vyumba, uchapaji na kopi. Biashara za aina hii hazina faida kubwa kwa mara moja, ila hazina msimu. Aliyesomea uhasibu, maabara, uuguzi au kompyuta ana nafasi ya kuulizia ajira au kazi ya mkataba kabla ya kufikiria duka.

Upungufu wa Haydom ni umbali. Bidhaa za viwandani hufika zikiwa zimeongezewa nauli, na mtu akiugua moyo wa kutaka mji mkubwa, hapaendeki na kurudi siku moja. Kwa anayependa nyika na bonde la Yaeda, huo si upungufu.

USIHESABU WATALII KWANZA

Vijana wengi wanaopenda milima huanza na wazo la kuongoza watalii. Wazo si baya, lakini lisiwe mguu wa kwanza wa biashara. Hanang iko mbali na msururu wa watalii wa Ngorongoro na Serengeti, na wanaofika kuupanda ni wachache ukilinganisha na Kilimanjaro au Meru. Msitu wa mlima huo uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), hivyo kupanda kunahitaji kibali na malipo, na kuongoza watalii kwa ujira kunahitaji leseni. Mtu mwenye mapafu mazuri huweza kupanda na kushuka siku moja ndefu, na wengine hulala njiani. Kwa hesabu zetu, utalii wa Hanang ni fedha ya ziada ya kiangazi. Anayeuchukua hivyo atafurahi kila mgeni anapokuja, na asipokuja mgeni hatalala njaa.

HESABU YA MILIONI TATU

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, kila mtu aweke za kwake. Kijana ana shilingi 3,000,000. Chumba, chakula, nauli na simu vinamgharimu 250,000 kwa mwezi. Jambo la kwanza ni kutenga matumizi ya miezi sita, yaani 1,500,000, na kutozigusa kwa biashara. Mtaji wake halisi basi ni 1,500,000.

Ananunua kilo 1,000 za zao kwa shilingi 1,000 kwa kilo. Magunia, usafiri, stoo na ushuru vinafikia 150,000. Jumla ametoa 1,150,000, na amebaki na 350,000 za dharura. Mzigo ukikauka hupungua, tuseme asilimia 10, hivyo atauza kilo 900. Ili asipate hasara tu, lazima auze kwa shilingi 1,278 kwa kilo. Maana yake bei ipande kwa karibu asilimia 28 kabla hajaonja faida. Na kama anataka mzigo huo mmoja umlipie matumizi ya miezi mitatu ya kungoja, bei inabidi ifike shilingi 2,111, zaidi ya mara mbili. Inaweza kutokea, lakini huwezi kuhamia mji kwa kutegemea hilo.

Achukue njia ya pili: mzigo ule ule, lakini auzungushe mara mbili kwa mwezi, akipata faida safi ya shilingi 100 tu kwa kilo. Kila mwezi anapata 200,000. Bado amepungukiwa 50,000 za matumizi, lakini pengo hilo linazibika kwa kazi ya mkono au ya kichwa: kufundisha masomo ya jioni, kuandikia wenye maduka vitabu vya hesabu na kuwapelekea ritani TRA, au uwakala wa fedha kwa simu.

Hapa ndipo tofauti ya miji inapoonekana. Mzunguko wa mara mbili kwa mwezi unahitaji mnada, gari na mnunuzi. Katesh ina vyote vitatu. Haydom ina wanunuzi wa kudumu. Mbulu ina zao zuri, lakini mzunguko wake hufuata msimu, hivyo inamfaa mwenye kipato kingine au mwenye subira na stoo.

MIKOPO NA MAKATO

Wengi wa wahitimu wanadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Anayeajiriwa Haydom aihesabu hiyo kabla ya kukubali kiwango cha mshahara. Anayejiajiri naye asifiche deni, bali apange na Bodi namna ya kulipa.

Kwa upande wa mtaji, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mgeni asitarajie kuipata mwezi wa kwanza, kwani inakwenda kwa vikundi vilivyosajiliwa na vinavyojulikana. Ajiunge kwanza na vijana wa hapo, aweke hisa kidogo kidogo, aonekane anarejesha.

ARDHI INA KUMBUKUMBU

Mtu akipenda mahali hutaka kununua kiwanja. Safu hii inashauri: panga kwanza. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni historia. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la serikali la NAFCO lililima ngano Hanang katika mashamba makubwa saba. Nchi ilipata ngano, lakini Wabarbaig walipoteza malisho. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani na kushinda Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 1985 ikatengua sehemu kubwa ya ushindi huo. Baadaye NAFCO iliondoka, baadhi ya ardhi ikarudi kwa wananchi na nyingine ikaenda kwa wawekezaji. Wazee wanakumbuka kila mpaka. Kwa hiyo eka unayoonyeshwa na dalali kuwa ni "pori tu" inaweza kuwa njia ya ng'ombe au makaburi ya ukoo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mgeni huomba ardhi kwa halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji hutoa kauli. Karatasi iliyosainiwa gizani na mtu mmoja haina nguvu.

Ya pili ni mlima wenyewe. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imelowa maji ilimomonyoka. Tope, mawe na magogo viliteremka hadi Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walikufa, na maduka na bidhaa za watu wengi vilizikwa. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba haikuwa volkano, bali miamba laini iliyozidiwa na maji. Waathirika walijengewa makazi mapya eneo la Waret.

Katesh imerudi kwenye biashara, na hilo ni la kusifiwa. Lakini anayechagua nyumba au stoo hapo aulize mambo matatu: mkondo wa maji kutoka mlimani unapita wapi, siku ile tope lilifika wapi, na halmashauri imezuia ujenzi sehemu zipi. Fremu yenye kodi nafuu kwenye njia ya maji ni ghali kuliko zote. Mwenye stoo aulize pia kampuni ya bima kama mkataba unagusa mafuriko na maporomoko, maana bima ya moto pekee haimlipi aliyepoteza magunia kwa tope.

USHAURI WA SAFU

Mwenye mtaji kati ya milioni mbili na tano, anayependa kupanda mlima na asiyeogopa kelele za mnada, aende Katesh. Mwenye shahada inayoajirika hospitalini au anayetaka biashara ndogo isiyo na msimu, aende Haydom. Mwenye kipato kingine, subira, na hamu ya kulima au kuchambua kitunguu saumu kwenye baridi, aende Mbulu mjini.

Wote watatu tunawapa sharti moja. Wasihame kwa kuona picha za Septemba, wakati anga ni safi na barabara kavu. Waende wiki moja mwezi Julai waonje baridi, na wiki moja mwezi Aprili waone barabara. Wabebe daftari, waandike bei ya kila zao siku ya mnada, nauli ya gunia na kodi ya chumba. Daftari hilo ndilo mzazi au mjomba anapaswa kuonyeshwa kabla ya kutoa fedha yake. Kama tarakimu zinakubali, mlima utakuwepo Jumapili ya kwanza na Jumapili zote zinazofuata.